Shajara ya seva ya nyumbani: kabla mwezi haujaandama

8 Novemba 2025

Naanza kuandika leo kwa sababu juzi nilisimama mbele ya kisanduku nikijiuliza ni lini mara ya mwisho nilikifanyia kitu, nikashindwa kukumbuka. Seva ikishatulia inageuka fanicha. Unaifuta vumbi, basi.

Kwa atakayesoma bila kujua tulikotoka: ni kompyuta ndogo ya mtumba, HP EliteDesk yenye prosesa ya i5-7500T na RAM ya GB 16, imekaa chini ya TV sebuleni kwetu Shangani, Mtwara. Imewekwa mfumo endeshi wa Debian 12, juu yake Docker, programu inayoziendesha programu nyingine kila moja kwenye kontena lake, na ndani ya Docker makontena matano. Yanayoniumiza kichwa ni mawili: Jellyfin ya video na sauti, na Immich ya picha za simu. Video zenyewe zipo kwenye diski ya nje ya TB 4 inayochomekwa kwa USB. Sinema hakuna humo. Ni kanda za VHS za marehemu baba mdogo, aliyekuwa akipiga video za harusi, maulidi na ngoma kuanzia Mikindani mpaka Newala miaka ya tisini. Kanda 43. Nimeshahamisha 26.

Wazo lilizaliwa Mei 2024. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani, mvua zikaikata barabara ya Dar upande wa Somanga, na tarehe 12 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika. Intaneti ikawa ya kuchungulia. Wenye kuangalia vitu mtandaoni TV zao zikawa vioo, sisi tukawa tunatazama harusi ya 1994 ya watu ambao wajukuu zao wanasoma na wanangu. Tangu siku zile Bibi ndiye mteja wa kwanza wa kisanduku hiki. Kila siku baada ya swala ya alasiri anakaa kwenye mkeka wake, anataka kuwaona watu wake. Kwa hiyo saa za matengenezo anazipanga Bibi bila kujua.

Kilichonirudisha kazini: Oktoba wametoa Jellyfin 10.11. Humo hifadhidata ya maktaba, lile faili la library.db, inahamishiwa kwenye mfumo mpya kabisa. Ukishapanda hushuki, ukitaka kurudi 10.10 lazima uwe na bakapu ya zamani uirudishe yote. Mimi nipo 10.10.7. Toleo jipya namna hiyo wacha watangulie wenye moyo, mimi nitasubiri marekebisho yake mawili matatu. Ila mwisho wangu ni katikati ya Februari, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Nyumba ikishajaa watu wa futari sitagusa kitu.

15 Novemba

Leo nimefungua tu faili la compose, linaloiambia Docker iwashe makontena gani na ya toleo lipi, na kulisoma kama mgeni. Aibu. Makontena matatu kati ya matano yameandikwa tagi ya "latest". Maana yake ni kwamba siku yoyote nikiandika `docker compose pull` nikiwa na usingizi, naletewa chochote kilichopo siku hiyo, na 10.11 ingeingia nyumbani bila hodi. Nimeandika namba kamili kila mahali: Jellyfin 10.10.7, na wenzake vivyo hivyo. Sasa kupanda toleo ni kitendo ninachokifanya kwa mkono wangu, kwa kubadilisha namba moja.

Shemeji alikuja akaniuliza kontena ni nini hasa, maana anasikia "makontena" anawaza bandarini. Nikamwambia afikirie msimu huu wa korosho. Imeji ni ramani ya banda. Kontena ni banda lenyewe lililojengwa kwa ramani ile. Ukilibomoa kesho unajenga jingine lile lile kwa sekunde chache. Korosho hazikai bandani, zinakaa ghalani, na ghala ndiyo volumu: folda ya nje unayolionyesha banda mlango wake. Ukimwaga korosho ndani ya banda halafu ukabomoa banda, usimlaumu mtu. Akacheka, akasema kumbe ni stakabadhi ghalani. Karibu na hapo.

22 Novemba

Wiki mbovu. Naandika kwa urefu kwa sababu kosa hili nisingependa kulirudia.

Alhamisi usiku nyumba nzima iliingia giza. Nikatoka nje kuangalia majirani: taa zinawaka. LUKU imeisha. Tunaishi pua na mdomo na gesi ya Mnazi Bay, na tumelala gizani kwa uniti za elfu tano. Nikanunua, umeme ukarudi, seva ikawaka yenyewe, makontena yakapanda yenyewe, nikalala.

Ijumaa alasiri Bibi ananiita: "Mume wangu, watu wangu wamekwenda wapi?" (Utani wa bibi na mjukuu, wageni wasishtuke.) Majina ya kanda yapo, picha za majalada zipo, ukibonyeza hakifunguki kitu. Nikaangalia: diski ya nje haikupachikwa, yaani mfumo haukuiunganisha na folda yake. Niliandika "nofail" kwenye fstab, faili la orodha ya diski za kupachikwa, miaka hiyo ili kompyuta isigome kuwaka diski ikichelewa, nayo ikatii: ikawaka bila diski. Nikachomoa waya wa USB, nikachomeka tena, nikapachika diski kwa mkono. `ls` inaonyesha faili zote. Jellyfin bado inasema hakuna.

Hapo nilipoteza karibu saa nzima. Kumbe kontena lilipowaka lilionyeshwa folda tupu, na linaendelea kuishika ile ile tupu hata kama nje umeshapachika diski juu yake. Dawa ni kuliwasha upya kontena. Sekunde nne. Bibi akarudi harusini.

Kwa haki niseme: Jellyfin haikufuta maktaba. Ikikuta folda ya maktaba haifikiki au ni tupu, inairuka wakati wa kukagua badala ya kudhani umefuta kila kitu. Mimi sikuwa na akili hiyo. Skripti yangu ya kunasa kanda ina `mkdir -p`, yaani kama folda haipo, itengeneze. Asubuhi ya Ijumaa, kabla Bibi hajaniita, niliiwasha inase kanda mbili. Folda haikuwepo kwa sababu diski haikuwepo, skripti ikaitengeneza palepale kwenye SSD ndogo ya mfumo, ya GB 120, ikamwaga humo. Nanasa kwa muundo wa video wa MPEG-2, megabiti 8 kwa sekunde, yaani GB 3.6 kwa saa. Kanda ya saa tatu ni karibu GB 11. Zile mbili, GB 22. Leo asubuhi SSD imejaa pomoni, Immich imeanguka, hata logi, kumbukumbu za matukio ya programu, haiandikiki.

Na ajabu, kwa macho yale mafaili hayaonekani. Diski ikishapachikwa inafunika folda ya chini, kama mkeka juu ya shimo. `df`, inayopima diski nzima, inasema imejaa; `du`, inayojumlisha mafaili yanayoonekana, inasema mbona hapajajaa. Ilibidi niitoe diski ndipo nikazikuta kanda zimelala chini.

Nilichobadilisha:

Folda ya kupachikia nimeifunga kwa `chattr +i` wakati diski imetolewa. Sasa diski isipokuwepo hakuna anayeweza kuandika hapo, hata root, msimamizi mkuu wa mfumo. Diski ikipachikwa, kufuli halihusiki, kazi inaendelea.

Docker nimeifunga kwa systemd, kiwashaji cha huduma za mfumo, mstari mmoja wa RequiresMountsFor, isiwake mpaka diski ipande. Bora Bibi aone TV haina kitu kabisa aniite, kuliko seva kujifanya mzima.

Na logi. Docker kwa kawaida yake haiziwekei kikomo. Nilikuta faili moja la logi la GB 9, la kontena ambalo limekuwa likilalamika jambo lile lile kila sekunde tangu mwezi wa tatu. Nimeweka kikomo cha MB 10, mafaili matatu kwa kila kontena. Kikomo hicho hakiwashiki kwa makontena ya zamani mpaka uyaunde upya, kwa hiyo nimeyaunda upya yote.

23 Novemba

Kwa nini diski haikupanda? Nimechomoa waya na kuutazama juani. Kichwa cha USB kina ukungu wa kijani kwenye meno ya shaba. Chumvi. Dirisha la sebule linatazama bahari na feni ya kisanduku ilikuwa inavuta hewa kutoka huko huko. Fungua kasha: skrubu zina kutu, vumbi limeshikana na unyevu likawa kama unga wa muhogo uliokandwa. Nimesafisha kwa spiriti na mswaki, nimebadilisha waya, nimekigeuza kisanduku kivutie upande wa ukuta wa ndani. Joto la prosesa lilikuwa nyuzi 81 video ikichezwa, sasa ni 64. Nimekagua na afya ya diski: sekta zilizohamishwa 0, zinazosubiri 0. Diski nzima, waya ndio mgonjwa.

6 Desemba

Siku ya bakapu. Au tuseme, siku niliyogundua kwamba sina.

Kila Jumapili usiku, tangu Mei, skripti inakunja folda ya Jellyfin na kuipeleka kwenye diski ya pili, ambayo kila mwezi inahamia kwa dada anayeishi Chikongola. Miezi saba ya nidhamu. Leo nikasema kabla ya kuigusa 10.11 nijaribu kuirudisha kwenye laptop kuukuu, mlango wa 8097. Nikafungua kivinjari. Nikakaribishwa kwa ukurasa wa kuchagua lugha na kutengeneza mtumiaji mpya, kama vile Jellyfin haijawahi kunijua.

Jellyfin ina folda mbili: ya config, yenye hifadhidata, watumiaji na kila ulichokirekebisha kwa mkono, na ya cache, picha ndogo ndogo na mabaki ambayo ikiyakosa inayatengeneza tena. Kwenye skripti njia hizo mbili nilizibadilishana. Miezi saba nimekuwa nikimpelekea dada GB za makapi, tena kwa bodaboda.

Nimerekebisha, na sasa skripti inasimamisha kontena kwanza. Hifadhidata ni SQLite, na kuinakili ikiwa inaandikwa, hasa ukiliacha nyuma faili lake la wal, lenye maandishi mapya ambayo bado hayajaingia, ni kupiga picha mtu anayekimbia. Dakika mbili za kusimama saa tisa usiku hazimdhuru mtu.

Nikarudisha tena kwenye laptop. Safari hii ikaja yenyewe, na majina ya kanda niliyoyaandika, na alama za wapi Bibi ameishia. Nikiwa hapo hapo nikabadilisha namba kwenye laptop iwe 10.11 nione kinachotokea. Uhamishaji ulichukua dakika 14 kwenye diski ile ya kuzunguka. Kwangu kivinjari hakikusema cha maana muda wote huo, ukweli ulikuwa kwenye logi. Asiyejua angeweza kudhani imeganda akazima, na kuzima katikati ndiyo balaa yenyewe.

20 Desemba

SSD ya mfumo nimeibadilisha, GB 256, na badala ya kuhamisha ya zamani nimeweka Debian 13 safi. Makontena yalirudi yote kwa faili la compose na folda za bakapu; hapa ndipo unapowashukuru waliobuni vitu hivi. Shida moja: video za MPEG-2 zikaanza kukwama na feni kupiga kelele. Prosesa hii ina sehemu yake ya kubadilishia video, Quick Sync, na kontena huruhusiwa kuigusa kupitia kundi la render. Kwenye compose nilikuwa nimeandika namba ya kundi, 105. Kwenye Debian mpya ni 992. `stat -c %g /dev/dri/renderD128` inakwambia. Nimebadilisha namba, kelele imekwisha.

10 Januari 2026

Siku yenyewe. Bibi ameamkiwa, amekunywa chai, amekwenda Mikindani kwenye arobaini, harudi mpaka magharibi. Nimenunua uniti za kutosha kwanza, nimejifunza. UPS, betri ya akiba, imejaa. Bakapu ya asubuhi ipo na nimeifungua kuona ndani kuna nini.

Namba moja ikabadilishwa, `pull`, kisha `up -d`, nikakaa kwenye logi na kikombe cha kahawa. Dakika tatu na nusu. Imekwisha. Sina zaidi cha kuandika.

11 Januari

Ninacho. TV yetu ni ya 2016 na tulikuwa tunaingia Jellyfin kwa kivinjari chake. Ukurasa mpya kinauonyesha mweupe tu. Nimechukua kisanduku cha Android cha chumbani kwa watoto (malalamiko yapo, yatasikilizwa), nikakichomeka nyuma ya TV, nikaweka programu ya Jellyfin. Kinafanya kazi vizuri kuliko zamani, video zinafunguka mara moja.

12 Januari

"Mume wangu, hawa watu mbona kama wamepitishwa kitana?"

Nikaangalia. Sindimba ya Newala, kanda ya 9. Wachezaji wakisimama picha ni safi. Viuno vikianza kwenda, kila mwili unaota meno ya msumeno pembeni, mistari mistari. Nikasema ni TV. Bibi akasema TV ni ile ile, kilichobadilika ni mikono yangu.

Ana haki. Video ya VHS ya mfumo wa PAL haina picha 25 kamili kwa sekunde. Ina nusu-picha 50: moja ya mistari ya witiri, inayofuata ya mistari ya shufwa, na kila nusu imepigwa wakati wake. Mtu aliyetulia, nusu mbili zinalingana. Mchezaji wa sindimba, kati ya nusu na nusu kiuno kimeshahama. Ukizibandika pamoja ndiyo kitana. Zamani, kwa kuwa kivinjari cha TV hakikuweza MPEG-2, seva ilikuwa inaibadilisha video papo kwa papo na katika kubadilisha ikaondoa meno hayo. Kisanduku cha Android kinaimeza MPEG-2 kama ilivyo, kwa hiyo seva inaipeleka mbichi, nacho hakijishughulishi na meno.

Ningeweza kuilazimisha seva ibadilishe tena kila mara. Nimeamua kufanya kazi mara moja tu: kila kanda ipitishwe kwenye FFmpeg, programu ya kubadilisha video, na kichujio chake cha kuondoa meno kiitwacho bwdif, itoke kwa muundo wa H.264 yenye picha 50 kamili kwa sekunde, ili mwendo wa ngoma usipotee. Mbichi zinabaki kwenye folda yake, hazifutwi. Kanda ya saa tatu inachukua kama saa moja, kutoka GB 11 inashuka hadi 3 na kidogo. Zinapikwa usiku, kwenye kontena la peke yake lililowekewa kikomo cha viini vitatu vya prosesa kati ya vinne, lisiwanyime wengine pumzi.

31 Januari

Kanda 34 zimepita. Faida ambayo sikuitegemea: mjomba wa Masasi. Kwa mwaka mzima anataka kuiona harusi yake. Kumfungulia mlango wa seva kutoka nje sitaki, na kumpakilia GB 11 kwa bando ni kumfilisi mtu. Flashi tulijaribu, ikakataa, kwa sababu imeundwa kwa FAT32 na humo faili moja halivuki GB 4, na TV yake haisomi mfumo mwingine. Sasa harusi nzima ina GB 3.1. Imeondoka na basi la asubuhi, mchana alikuwa anaitazama. Amepiga simu kulalamika kwamba kwenye video ni mwembamba.

Kanda ya 17 ina ukungu, unga mweupe ukingoni mwa utepe. Sijaithubutu kuiingiza kwenye deki. Ukungu mmoja unachafua vichwa vya deki na kuambukiza zote zinazofuata. Imefungwa peke yake kwenye mfuko, na ikibidi itakuwa ya mwisho kabisa.

14 Februari

Kanda 42 zimekamilika, bila ya 17. Makontena yote yana namba. Bakapu imerudishwa kwenye laptop mara mbili kwa majaribio, na mara zote mbili imekuja na watumiaji wake.

Jana alasiri tulikuwa kwenye kanda ya 31, harusi ya Mikindani, bibi harusi anatolewa ndani. Baba mdogo haonekani kwenye kanda hata moja, ndiye aliyeshika kamera. Bibi humsikia tu akisema "taa, leteni taa huku". Kwenye kanda hii kuna kabati lenye kioo. Kamera inapita mbele yake haraka, kama sekunde mbili, na kwenye ile ya zamani palikuwa na mistari tu. Jana Bibi akasema rudisha. Nikarudisha. Akasema rudisha tena, simamisha. Kijana mwembamba, shati jeupe, jicho moja limefumba nyuma ya kamera, taa ya betri begani.

Bibi hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniuliza kama inawezekana kuitoa picha ile kwenye karatasi. Nimeitoa leo, duka la picha mjini, saizi ya kati.

Kilichobaki: hifadhidata ya Immich ni Postgres 14. Nilitaka kuipandisha, lakini Postgres hupandi toleo kubwa kwa kubadilisha namba ya tagi. Toleo jipya likikuta mafaili ya 14 linagoma kuwaka, njia ya kawaida ni kumwaga data yote nje kisha kuimimina upya. Haiguswi mpaka baada ya Idi.